Sauti ya Lusungu Ndani ya Hotipoti

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefika kwenye geti la Sekondari ya Lukwambe, nimebeba hotipoti kichwani, na hotipoti ilikuwa inakohoa.

Ninaandika haya mapema, kabla sijafua, ili akina mama wenzangu wenye watoto bweni wayapate kabla ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo Siku ya Wazazi pale Lukwambe. Mimi nimeishia darasa la saba, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Tafuteni onyo.

Kwanza mjue jambo lenyewe. Pale shuleni kila asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini, mmoja wao husimama mbele na kusoma taarifa ya habari. Habari za dunia kidogo, habari za shule nyingi: nani kashinda mpira, bweni gani limefagiliwa vizuri, ng'ombe wa shule kazaa dume au jike. Siku za kawaida husomwa kwa Kiingereza. Siku ya Wazazi husomwa kwa Kiswahili, ili na sisi tucheke panapochekesha. Mwaka huu aliyechaguliwa kusoma mbele ya wazazi wote ni binti yangu Lusungu, wa kidato cha pili.

Lusungu jamani! Mtoto ambaye ukimtuma chumvi dukani anamwonyesha muuzaji kwa kidole.

Juzi alinipigia kwa simu ya matroni, anaongea kama mtu aliyekunywa soda nyingi. "Mama, wamenichagua mimi! Mimi, mama!" Mwenzenu nikamwona palepale amesimama mbele ya watu, neno limekwama, wazazi wanatazamana, watoto wanacheka. Nikamwambia, "Mwambie mwalimu koo linakuuma."

Akasema, "Sawa, mama."

Nikapanga kwamba leo asubuhi nitampigia matroni mwenyewe, Lusungu aondolewe kwenye hiyo habari, mambo yaishe. Nikalala nimetulia kabisa. Ndipo nikaota.

Getini kulikuwa na meza ya ukaguzi, kama ilivyo siku zote, maana wazazi wengine huficha simu ndani ya mkate. Aliyekuwa zamu ni Mwalimu Kihwelo, yule mpole wa tai ya kijani. Kuanzia kiunoni kwenda juu alikuwa yeye. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa dawati. Hakuna aliyeshangaa, na mimi sikushangaa.

"Karibu, mama. Umebeba nini?"

"Pilau, mwalimu. Na vipande vya kuku."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine."

"Anadanganya," ilisema hotipoti.

"Wewe nyamaza," nikaiambia. "Nani kakununua?"

"Nilinunuliwa nitunze joto. Habari ya kutunza siri hukuniambia."

Mwalimu Kihwelo akafungua droo yake, akachungulia ndani, akaifunga. "Tutarudi kwenye hilo," akasema. "Kwa sasa mama, jichomekee. Hapa kwetu ni sheria. Kinachoingia lazima kichomekewe."

Nikatazama ndani ya uzio. Kweli, kila kitu kilikuwa kimechomekewa. Mikaratusi ilikuwa imechomeka matawi yake ndani ya magome. Mbuzi wa shule walikuwa wamechomeka ndevu. Moshi wa jikoni ulikuwa umetoka kwenye bomba, ukapinda, ukajirudisha humohumo kwa adabu. Nikachomekea kanga yangu ndani ya sketi, nikapita.

Napiga hatua chache nagundua kwamba pako kimya mno.

Uwanjani wasichana wanacheza mpira, lakini mpira umekaa hewani. Golikipa amelala hewani vilevile, amekunja mikono, anasubiri. Jogoo juu ya paa la maabara amefungua mdomo na hakuna kinachotoka. Jikoni mpishi ameinua upawa, na maharage yaliyo kwenye ule upawa hayajaamua kama yamwagike. Jua limechungulia nusu juu ya mlima, limeshika ukingo kwa vidole.

"Kamwene, mama," ikanisalimu sauti ya mzee pembeni yangu. Ulikuwa ubao wa matangazo, umeegemea ukuta wa ofisi, mwili mzima pini.

"Kamwene. Baba, hapa kuna msiba?"

"Hakuna msiba. Hakuna chochote. Hapa Lukwambe jambo halitokei mpaka lisomwe kwenye taarifa ya habari. Mpira hauingii golini, chai haichemki, wala wewe hujafika kwa kweli, usijidanganye. Na habari za leo hazijasomwa."

"Msomaji yuko wapi?"

"Msomaji yupo. Sauti ndiyo haipo. Mama yake kaichukua."

"Mama gani huyo asiye na haya!" nikasema. "Anamchukulia mtoto sauti?"

Ubao ukaniangalia. Pini zote zikaniangalia. Ndani ya hotipoti kitu kikakohoa tena, kikohozi chembamba, na mwenzenu nikakifahamu. Nakifahamu tangu mwanangu akiwa wa kubebwa mgongoni.

Nikaanza kukimbia. Nilikuwa nakwenda mstarini, lakini kibaraza cha shule kikageuka jikoni kwangu nyumbani, masufuria yangu yaleyale, na juu ya kila sufuria ameketi mzazi mwenzangu na kofia ya harusi, anapepea. Wakasema, "Pita, pita, tumekuwekea nafasi." Nikapita katikati ya jiko, nikatokea mstarini.

Wanafunzi wote walikuwa wamesimama kwenye mstari. Mstari wenyewe ulikuwa wa chaki, mmoja tu, umechorwa tangu chini ya mlingoti hadi Makambako, na wote walikuwa juu yake kwa kidole gumba cha mguu, kwa sababu sheria inasema mwanafunzi hatatoka nje ya mstari. Wazazi walikuwa kwenye viti vya plastiki. Viti vilikuwa vinanong'onezana kuhusu uzito wetu.

Mbele, juu ya kreti la soda, alikuwa amesimama Lusungu. Sketi imepigwa pasi, soksi zimevutwa mpaka magotini. Aliponiona macho yake yakacheka. Kengele ya shule, ile rimu ya lori iliyoning'inizwa, ikasema, "Haya binti, soma, mimi nimechoka kupigwa."

Lusungu akafungua mdomo. Ikatoka sauti yangu.

"Taarifa ya habari," ilisema sauti yangu kutoka kwenye mdomo wa mwanangu. "Vaeni masweta."

Kwa kuwa ilikuwa habari, ikatokea. Shule nzima ikawa imevaa masweta. Mwalimu Kihwelo alikuwa na sweta, na dawati lake lilikuwa na sweta jingine. Mbuzi walikuwa na masweta. Mlima nao ulikuwa na sweta la bluu lenye vifungo, limeubana kidogo mabegani.

"Msikimbie, mtaanguka," iliendelea sauti yangu.

Uwanjani mpira uliokuwa hewani ukatelemka taratibu umeshika ukuta usioonekana. Wasichana wakaanza kuufuata kwa kutembea, wameshikana mikono, wakiombana samahani. Golikipa akaukaribisha golini kwa mikono miwili.

"Msile vya moto."

Maharage yakapoa.

"Na wewe unayepanda huko juu, shuka. Utaanguka uvunjike."

Jua likageuka. "Unaniambia mimi?"

"Wewe."

"Lakini mama, kazi yangu ni kupanda."

"Kaa hapohapo. Mwenzio alipanda hivyohivyo."

Jua halikuuliza ni mwenzake gani. Likakaa juu ya mlima, miguu inaning'inia upande wetu, limejishika kidevu. Asubuhi ikasimama. Baridi ikaanza kupita kiti kwa kiti inasalimia wazazi kwa majina.

Kwenye mstari watoto wakaanza kuchekana. "Kha! Lusungu kawa bibi!" akasema mmoja. "Bibi Lusungu, shikamoo! Tukimaliza hapa tukuletee ugoro?" Wakacheka wote, wanayumba kwenye ule mstari wa chaki. Hicho ndicho nilichokuwa nakiogopa, akina mama. Watoto wanacheka, mwanangu amesimama peke yake juu ya kreti. Na walikuwa wanachekea sauti yangu.

Lusungu alitaka kuniita. Nilimwona. Midomo yake ilisema "mama", lakini kilichotoka ni "Angalia usije ukapaliwa." Basi akanyoosha kidole, kama anavyofanya dukani, akaionyesha hotipoti.

Nikafanya nini mwenzenu? Nikaiweka hotipoti chini, nikaikalia.

Onyo lenyewe liko hapa, kwa hiyo someni polepole. Sikuikalia kwa ubaya. Niliikalia kwa mapenzi yangu yote.

"Mama Lusungu," ilisema hotipoti kutoka chini yangu, "ondoka."

"Nikiondoka itatoka."

"Ndiyo maana ya kuondoka."

"Ni sauti ndogo. Hujaisikia wewe. Ikitetemeka je?"

"Itatetemeka."

"Wakicheka je?"

"Watacheka. Halafu watasikia njaa kama kawaida."

"Ikikwama?"

"Mama, nina pilau, nina kuku, nina sauti ya mtoto wa watu, na juu nina wewe. Niambie wewe, nani hapa amekwama?"

Nikatazama wazazi wenzangu. Kila mmoja alikuwa na hotipoti. Mama wa mbele yangu alikuwa ameikalia ya kwake huku amepakata kitoto cha jirani, anazungumza habari za bei ya mbolea kana kwamba chini yake hakuna kinachogonga. Baba mmoja mwenye koti alikuwa ameifunga ya kwake kwa mpira wa baiskeli. Zote zilikuwa zinakohoa.

Nikainuka.

Mfuniko ulifunguka wenyewe, ukatoa mvuke, na ndani, juu ya pilau, ilikuwa imekaa sauti ya Lusungu. Ilikuwa ndogo kama nilivyosema. Rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa. Ilikuwa imekunja miguu na imejaa jasho.

"Mama," ikasema, "mbona umenifunika?"

"Nilikuwa nakuhifadhi. Nje kuna baridi."

"Humu kuna pilipili manga."

"Nisamehe mwanangu. Umekula?"

"Nimekula kuku wote."

Nikaona kweli, mifupa imepangwa pembeni vizuri. Nikafurahi, maana Lusungu huwa hali. Nikataka kuifuta jasho kwa upindo wa kanga, lakini ilikwisha kuruka nje, ikaanguka kifudifudi kwenye vumbi.

Niliruka niikamate. Sikufika. Ubao wa matangazo ulikuwa umenifuata, ukanibana kanga kwa pini mbili, na ukatazama pembeni kama mtu asiyehusika.

Sauti ikanyanyuka yenyewe. Ikajipangusa magoti. Ikapita mbele ya wazazi, ikasema shikamoo kwa kila kiti, viti navyo vikaitikia marahaba. Ikapanda kreti. Ikapanda soksi, ikapanda sketi, ikafika kwenye shati, ikasimama pale, ikalichomekea vizuri. Kisha ikaingia mdomoni mwa mwanangu. Lusungu akameza kama anayemeza dawa.

Shule nzima inasubiri. Jua linasubiri, limeinama mbele.

"Ta..." akasema Lusungu.

Ikakwama.

"Ta..."

Na kwa kuwa hapo ndipo habari ilipofikia, mambo yakatokea kiasi hichohicho. Jogoo akawika nusu. Maharage yakachemka upande mmoja. Mpira ukaingia golini hadi katikati, ukabaki umekatwa na mstari kama tikiti. Mwalimu Kihwelo akaota mguu mmoja. Mimi nikajifunika kanga usoni, nikaacha tundu la jicho.

Mtoto mmoja akacheka. Halafu wawili. Halafu mstari mzima mpaka Makambako.

Lusungu akawatazama. Akautazama ule mpira nusu. Akamtazama Mwalimu Kihwelo amesimama kwa mguu mmoja kama korongo mwenye tai, anajitahidi kuonekana wa kawaida. Na mwanangu akacheka. Akacheka mpaka kreti likacheka, na lile neno lililokuwa limekwama likatoka katikati ya kicheko, bila hata kusukumwa.

"Taarifa ya habari! Inaletwa kwenu nami Lusungu Mlowe, wa kidato cha pili! Na sasa habari kamili. Jua limepanda."

Jua likainuka, likapanda mbio, halikuaga mtu. Lukwambe yote ikawaka.

"Timu ya wasichana imeifunga timu ya walimu, na walimu wamekubali."

Mpira ukamalizikia golini. Walimu wakakubali. Makamu mkuu wa shule alikubali mara mbili kwa maandishi ya hewani.

"Maharage ya leo yameiva mapema. Yamekaangwa na nyanya na kitunguu. Ukoko wa ugali umegawanywa kwa haki, na kidato cha nne hawakupewa zaidi."

Kidato cha nne wakasema ah. Wengine wote wakapiga makofi.

"Ng'ombe wa shule amezaa jike. Mama na mtoto wanaendelea vizuri, na ndama amechomekewa."

Ndama akapita mbele yetu, mkia umechomekewa, anasalimia.

"Mwalimu Kihwelo amepata miguu yote, na ameanza kuitumia."

Mwalimu Kihwelo akatazama chini. Akaona viatu. Akaruka juu, akaanza kucheza mwendo wa polepole, mkono mmoja kwenye tai, na wazazi hawakuweza kuvumilia. Mnajua tunavyofanya sisi mtu akituchezea vizuri. Tukainuka kumtunza. Wengine wanamvika kanga, wengine mashada ya karatasi, mama mmoja akamvika kiti cha plastiki. Pale pote hotipoti zikaanza kufunguka, pa, pa, pa, na sauti zinaruka nje, nene, nyembamba, zenye makwaruzo, moja ina meno ya mbele makubwa kama mwenyewe, kila moja inatafuta mdomo wake. Yule baba mwenye koti alifungua ule mpira wa baiskeli huku analia na kucheka, anasema, "Nenda, nenda, lakini usichelewe kurudi."

Nikapiga vigelegele. Vilitoka mdomoni vina mabawa, vikaruka, vikatua juu ya paa la maabara. Vikajipanga mstari bila kuambiwa.

"Yule ni wangu!" nikaviambia viti. "Yule msomaji! Nimemzaa mimi, siku ya mvua!"

"Tumesikia," vikasema viti. "Kaa sasa."

Lusungu akainua mkono. Pakatulia.

"Na mwisho, habari kutoka nyumbani. Kuku mwekundu wa mama yangu, yule asiyetaga, ametaga. Yai liko ndani ya kiatu cha baba, cha kushoto."

Watu wakashangilia. Mimi nikasimama juu ya kiti. "Haiwezekani! Lusungu, mwanangu, usiseme uongo mbele za watu! Yule kuku hajawahi kutaga tangu aletwe, Jumapili tunamchinja!"

Lusungu akanitazama kwa adabu zote.

"Mama," akasema, "hii ni habari. Hatuombi ushauri."

Makofi yalipigwa mpaka mlima ukavua sweta.

"Huo ndio mwisho wa taarifa ya habari," akasema mwanangu. "Wote mnaweza kutawanyika. Mama, amka."

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Mlango wa nje uko wazi, baridi inaingia, na mume wangu amesimama kizingitini kwa mguu mmoja, ameshika ukuta.

"Mama Lusungu!" anaita. "Hebu njoo hapa. Ni nani katika nyumba hii ameweka yai kwenye kiatu changu?"

Nikakaa kitako kitandani. "Kiatu kipi?"

"Si hiki hapa. Cha kushoto."

"Limepoa?"

"Lina moto! Nimelikanyaga kwa kidole nikadhani panya."

Nikaenda nikalichukua. Dogo, lina doa la damu, yai la kuku anayeanza. Nikalishika mkono wa kushoto, na kwa mkono wa kulia nikachukua simu nikampigia matroni, kama nilivyopanga.

"Shikamoo matroni. Ni Mama Lusungu. Napiga kuhusu ile habari ya koo."

"Marahaba. Koo la nani?"

"La Lusungu. Hakukwambia linamuuma?"

"Lusungu huyuhuyu?" Matroni akacheka. "Mama, huyo tangu juzi haachi kufanya mazoezi nyuma ya bweni. Jana jioni wenzake walicheka mpaka wakakaa chini kwenye majani. Alikuwa anawatangazia eti kuku wenu katagia kiatu cha baba yake. Mtoto kajaliwa utani huyo! Kwani ulitaka nimwambie nini?"

Mume wangu alikuwa amenitolea macho. Mimi nikatazama yai.

"Mwambie asome," nikasema. "Mwambie mama yake atakaa kiti cha mbele."

Nimekata simu, nimeandika haya. Nguo bado sijafua. Baba Lusungu yuko palepale kizingitini, kavaa kimoja, anauliza kama hicho cha kulia achungulie kwanza au avae tu.